Vipaza Sauti vya Mwalimu Edelmira

Pucapampa, 7 Juni 2020

Mpwa wangu Edelmira, mwalimu wa walimu,

Tulia moyo, mzigo umefika. Abelardo mnunua jibini aliushusha pale darajani kwenye mnyororo tuliofungia njia, kama mlivyopatana. Tukaunyunyizia dawa, tukauanika juani kutwa nzima ugonjwa uungue, halafu mimi mwenyewe nikaubeba mgongoni mpaka juu kanisani. Peke yangu! Vipaza sauti viwili, amplifaya, betri na ile paneli ya sola, vyote kwa mkupuo mmoja. Nyumbu wa Saturnino Taipe alinifuata nyuma mgongo mtupu, anaona haya kunitazama.

Kijiji kizima kilitoka. Tangu tufunge njia mwezi wa tatu hatujaona kitu kipya hapa isipokuwa ndama. Mama Grimanesa, mwenyekiti wetu, akasema mbele ya watu, "Fortunato, wewe ndiye mpiga mbiu, chombo hiki kikae mikononi mwako." Kwani angempa nani? Nikiita asubuhi kutoka mwambani, ng'ombe wa bonde la pili wanageuza shingo. Kweli niliishia darasa la tatu, lakini ni kwa sababu mwalimu wa wakati ule alikuwa ameshanimalizia yote aliyoyajua.

Kabla ya kukiwasha tulikipa haki yake. Chombo kigeni hakianzi kazi hakijaonja, hilo unalijua, umezaliwa hapa. Wengine walitaka matone mawili matatu, kama tunavyomfanyia fahali mpya. Nikawaambia, "Hiki kitabeba elimu ya watoto wote, matone ya nini? Tunamhonga kuku?" Nikakimiminia pombe ya mahindi kwa mkono mpana, ile nzito ya Mama Grimanesa, na ardhi nayo ikapata fungu lake.

Waambie hao waliokupa ule msaada mdogo wa walimu kwamba udogo wake umebaki huko huko mjini. Huku umefika mkubwa.

Rosaluz wa Saturnino alikuwa mbele ya wote, daftari kifuani. Akaniuliza, "Mjomba Fortunato, mwalimu ataanza kusema lini?" Nikamwambia kesho.

Mjomba wako,
Fortunato Ccahuana
Mpiga mbiu wa Pucapampa, muuaji wa puma


Chalhuanca, 16 Juni 2020

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikacheka hadi mwenye nyumba akagonga ukuta. Asante. Nilikuwa na hofu sana na mzigo ule. Walimu wa milimani walioomba ni wengi, na fungu lenyewe ni dogo, linatolewa mara moja tu. Ningeweza kununua simu mbili, lakini huko hakuna mtandao, na simu mbili zingewafaa watoto wawili. Nikasema, tangu zamani Pucapampa inaamshwa kwa sauti. Basi na shule ije kwa sauti.

Ninarekodi masomo nikiwa nimejifunika blanketi, jogoo wa jirani asisikike. Memori kadi ya wiki ya pili ninampa Abelardo. Ichomeke kama nilivyokuchorea.

Sasa mjomba, sikiliza hili kuliko mengine yote. Shule ya bweni ya hapa imekubali kumwekea Rosaluz nafasi, akija kufanya mtihani wao mwishoni mwa Agosti. Saturnino aliniahidi kwamba atangoja. Lakini dada yake aliyeko Abancay ameshampatia binti nyumba ya kufanya kazi, kufua na kulea watoto wa watu. Saturnino si baba mbaya. Akiona binti anasoma, atangoja. Akiona shule imekufa, atampakia kwenye gari la Abelardo. Ni hivyo tu, hakuna la katikati.

Mwombe Mama Grimanesa akupigie picha ya vipaza sauti na watoto wakisikiliza. Waliotoa msaada wanaitaka, na mimi pia ninaitaka, niibandike ukutani.

Mpwa wako,
Edelmira


Pucapampa, 29 Juni 2020

Mpwa wangu,

Vinanguruma! Juzi tai kondori mmoja alikuwa anakatiza zake juu ya kijiji, akasikia habari ya robo na nusu, akageuza akarudi alikotoka kwenda kuwaambia wenzake. Mama Grimanesa anasema maziwa yanatoka mengi zaidi siku za hesabu.

Picha haikuwezekana. Simu yake imeingia ukungu.

Tumo katika baridi ya kugandisha viazi, watoto wote wako nyanda za juu na wazazi wao, asubuhi wanakanyaga viazi vilivyoganda usiku ili vitoe maji vikauke. Usiwe na wasiwasi, sauti inawafikia huko huko. Huwa ninapanda kidogo hadi vibanda vya wachungaji kuhakikisha wanasikia. Kutoka kibanda hiki hadi kile, kupanda kushuka, nimekonda hivi kwamba mshipi umenizidi. Wanawake wanasema nimerudi ujana.

Jambo moja dogo. Masomo yako ya wiki zijazo yaandike pia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Si kwa ajili yangu, mimi macho yangu yanaona chawa mgongoni mwa lama aliye ng'ambo ya mto. Ni watoto, wanapenda kuona.

Rosaluz ni moto. Ninamuuliza swali sijalimaliza, yeye kashalijibu. Nakutumia kazi zao.

Mjomba wako,
Fortunato Ccahuana
Mpiga mbiu, na sasa msaidizi wa shule


Chalhuanca, 13 Julai 2020

Mjomba,

Jana Abelardo alikaa jikoni kwangu akinywa supu. Nikamuuliza, "Vipaza sauti vyangu umevisikia?"

"Vipaza sauti gani, mwalimu?"

"Vya kanisani, Pucapampa."

Akaweka kijiko chini. "Mimi nikifika mnyororoni namsikia mzee mmoja tu, kasimama mwambani anapiga kelele: robo na robo ni nusu! Mbwa wote wanamjibu. Nilidhani kachanganyikiwa na karantini, nikaona aibu kuuliza."

Baada ya yeye kuondoka nilizitazama tena kazi za watoto. Niliuliza robo ni nini. Rosaluz ameandika: "Robo ni kile alichobaki nacho puma baada ya Mjomba Fortunato kumla robo tatu." Niliuliza mvua inatoka wapi. Ameandika: "Inatoka ziwani. Mwaka wa ukame Mjomba Fortunato alilifunga wingu kwa kamba ya nyumbu akaliburuta mpaka kijijini."

Nilicheka, mjomba. Halafu nikalia. Shule ya bweni haitamuuliza habari za puma.

Chombo changu kimepatwa na nini? Niambie kama unavyomwambia mtu mzima.

Edelmira


Pucapampa, 20 Julai 2020

Mpwa wangu,

Abelardo huyo ana mdomo mrefu kuliko gari lake.

Nilitaka kukuandikia kwamba kilipigwa na radi. Nilikuwa nimeshaitunga, ilikuwa nzuri. Lakini umeniambia niseme kama na mtu mzima.

Kilikunywa kikafa. Nilipobonyeza pale ulipochora, kikachachatika kama mafuta ya kuchoma nyama ya nguruwe pori, kikatoa moshi kidogo, kikanyamaza. Kijiji kizima kilikuwa kinanitazama, na mimi jagi la pombe bado liko mkononi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Kimekuja kibovu. Mpwa wangu kauziwa kibovu huko mjini." Yalitoka yenyewe. Mama Grimanesa akasema, "Tunaletewa takataka, wanatuona sisi wa milimani hatuna macho." Na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Rosaluz hakuondoka. Wote walikwenda zao, yeye akabaki kaketi na daftari. Akasema, "Basi leo tunasoma nini?" Sasa ningemwambia nini? Nikapanda mwambani nikaanza na zile hesabu ninazozijua. Tangu siku hiyo kila asubuhi naita kutoka mwambani, na mchana nazunguka vibandani. Karatasi zako nazisoma. Nisipoelewa naongeza kitu changu, ili watoto wasiondoke. Wakiondoka hawarudi.

Lakini Saturnino ameanza kusema. Jana kwenye viazi alinitania mbele ya wanaume: "Shule gani hii inayofundishwa na wewe, Fortunato? Binti yangu atahitimu uongo." Walicheka. Hata mimi nilicheka.

Mjomba wako,
Fortunato


Chalhuanca, 27 Julai 2020

Mjomba,

Chombo kimekufa, tumekizika. Nitawaandikia waliotoa msaada kwamba kiliharibika siku ya kwanza, wakitaka nijibu nitajibu. Hilo ni langu.

La kwako ni hili. Abelardo amekubali kunichukua kila Jumamosi. Nitasimama upande wangu wa mnyororo, watoto wakae upande wao, mto uwe katikati yetu. Ubao nitauegesha kwenye ubavu wa gari. Sitavuka, sitamgusa mtu. Nikimpata Rosaluz Jumamosi zote za Agosti, mtihani ule anaumudu. Namjua.

Nilimwomba Mama Grimanesa ruhusa. Amenijibu kwa mdomo wa Abelardo: "Mwalimu aliyetuletea kitu kibovu atuachie na viazi vyetu." Wanakijiji hawana imani nami tena, mjomba, na sijui niwaambie nini, kwa sababu mtu pekee anayejua sikukosea ni wewe.

Mkutano wa kijiji ni Jumapili ya tarehe mbili. Simama useme. Sikuombi useme vizuri.

Edelmira


Pucapampa, 3 Agosti 2020

Mpwa wangu,

Mkutano ulikuwa mrefu. Habari ya kusafisha mfereji ilikula asubuhi nzima, mara huyu hakuleta jembe, mara yule amemtuma mke. Ukafika wakati wa mengineyo. Nikasimama. Nikavua kofia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kabisa, Edelmira, neno liko kwenye meno.

Saturnino akapiga kelele kutoka nyuma, "Haya, tulieni, anatuletea ya puma!"

Wakacheka wote. Hata Mama Grimanesa. Unajua tangu Machi hatujacheka kiasi hicho, na jinsi walivyonigeukia na zile nyuso zao.

Nikawapa ya puma.

Mkutano ujao nasema. Nimeapa.

Mjomba wako,
Fortunato


Chalhuanca, 10 Agosti 2020

Mjomba,

Alhamisi gari la Abelardo lilisimama uwanjani kujaza mafuta. Rosaluz alikuwa nyuma, juu ya magunia ya viazi, na kifurushi mapajani. Barakoa aliyoivaa ilikuwa ya mtu mzima, imemfika machoni.

Nikamwambia, "Binti, unakwenda wapi?"

"Abancay, mwalimu. Baba anasema shule imekufa, tena nafasi ya kazi haingoji."

Nilimpa mkate. Akaniuliza kama ule mtihani unaweza kufanywa kwa barua. Halafu gari likaondoka.

Abelardo amenilaumu, anasema ningemwambia mapema asimpakie. Nimemwambia ana haki.

Edelmira


Pucapampa, 17 Agosti 2020

Edelmira,

Barua yako ilifika Jumamosi. Sikungoja mkutano. Nilichukua baragumu. Kwetu baragumu linapigwa kwa msiba au moto tu, na tangu nimepewa kazi hii sijawahi kulipiga bila sababu. Walikuja mbio na ndoo za maji.

Nikawaambia, "Hakuna moto. Chombo cha mwalimu kilikuja kizima. Nilikizamisha kwenye pombe mimi, nikamsingizia yeye."

Hakuna aliyecheka. Kuna mmoja alianza kutabasamu akidhani kuna kitu kinafuata. Kilipokosekana akaacha. Mama Grimanesa akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza.

Wamenivua kazi ya mbiu. Baragumu lenyewe nimelikabidhi pale pale, amepewa Hilario, ambaye pumzi yake haizimi mshumaa, lakini hilo si langu tena. Wewe umeruhusiwa. Kuanzia Jumamosi hii, upande wako wa mnyororo. Mama Grimanesa anaomba uje, hakusema uruhusiwe, amesema anaomba.

Saturnino alibaki. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimeuweka uso vizuri. Akasema tu, "Kwa hiyo nimemtoa mwanangu kwa ajili ya mdomo wako."

Nikasema ndiyo.

Akakaa. Akasema, "Akitoka kule mwambani alikuwa anarudi nyumbani anaimba hesabu. Mimi nikamwambia anaimba uongo."

Nikamwambia nitakwenda kumchukua. Mama Grimanesa akanikumbusha: anayevuka hawezi kurudi hadi mnyororo ufunguliwe, na hauelekei kufunguliwa mwaka huu. "Sheria haina mjomba, Fortunato." Nikasema nimesikia. Saturnino hajui kuandika, na huko Abancay hawatanisikiliza mimi. Amenipa kofia yake, ile ya sikukuu, aliyofumiwa na mama wa binti kabla mama huyo hajafariki. Rosaluz akiiona atajua ni neno la baba.

Naondoka kesho na Abelardo. Unitafutie pembe ya kulala, hata zizini.

Fortunato Ccahuana


Chalhuanca, 31 Agosti 2020

Baba yangu mpendwa,

Mama Grimanesa atakusomea barua hii. Shikamoo na yeye.

Mimi ni mzima. Niko kwa mwalimu. Ninalala chumbani mwake, na Mjomba Fortunato analala ghalani kwa Abelardo, anampakilia jibini.

Kule Abancay hawakunitesa, usiwaze. Kazi ilikuwa kufua na kumbeba mtoto. Mtoto wao mkubwa anasomea kwenye kioo cha simu, na mimi nilikuwa napiga pasi polepole nyuma yake ili nisikie. Mama mwenye nyumba akaona nguo haziishi. Akanihamishia pasi uani.

Mjomba alikuja Ijumaa. Nilimwona dirishani amesimama barabarani na kofia yako mkononi, hakuivaa. Mama mwenye nyumba alikataa kufungua geti kwa ajili ya ugonjwa, wakaongea kupitia nondo.

"Wewe ni nani yake?"

Baba, nilingoja aseme. Nilijua atasema yeye ni muuaji wa puma, au mkuu wa shule, au ameacha farasi wake kwenye kona. Akasema, "Nimetumwa na babaye."

"Tulishapatana na shangazi yake. Nitapata wapi mwingine na karantini hii?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Umekuja bila hata maneno?"

"Nimekuja na kofia, mama. Atakayeijua ni binti. Nitangoja hapa."

Akangoja. Mvua ya mawe ilinyesha, ile ndogo, yeye yuko pale pale, kofia ameificha ndani ya vazi lake la poncho isilowe. Majirani wakaanza kuchungulia. Mama mwenye nyumba aliona haya, akaniita, akaniuliza kama kofia naijua. Nikasema ni ya baba yangu, upindo wake mwekundu alifuma mama. Akaniambia nichukue kifurushi changu.

Njiani nilimwomba mjomba ya wingu, akasema wingu lile halikuwahi kufungwa, na mvua inatoka kwa maji yaliyopanda kwa joto. Alikuwa ameisoma kwenye karatasi za mwalimu, akairudia nami mpaka tukafika, polepole, anakosea mahali nami namrekebisha.

Mtihani nimefanya jana, mkuu wa shule akiwa mwisho huu wa meza na mimi mwisho ule, madirisha wazi. Hesabu nimezifanya zote. Kusoma niliogopa, lakini nimemaliza. Leo asubuhi ametuma mtu kwa mwalimu kusema nije na blanketi langu bweni likifunguliwa. Mwalimu alikaa chini, kwenye sakafu, na ubao wake bado ameukumbatia.

Jumamosi nitakuja naye mnyororoni. Nitamshikia chaki. Sitaweza kuvuka, lakini nitakuona.

Kofia yako ninaileta mwenyewe, nitaitia jiwe ndani niitupe ng'ambo.

Baba, kuna jambo moja. Mvua za kupanda zinakaribia na Mjomba Fortunato yuko huku. Shamba lake la juu, lile la kando ya mfereji, halina mtu. Usiku anaulizia kwa Abelardo kama Pucapampa wingu limeshakaa. Hajaniomba kitu, na hajamwomba mwalimu. Wewe utakapomaliza letu, mlimie na lake. Ninayeomba ni mimi.

Binti yako,
Rosaluz Taipe